Mama Waya na Koili Iliyorudi

Marehemu alikuwa fundi wa kusuka mota. Watu walimwita Mama Waya, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na baba yake. Ungefika dukani ukamwulizia kwa jina la utotoni, majirani wangekuambia hapa hayupo mtu huyo.

Duka lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, kati ya kinyozi na muuza mabati. Mlangoni mota zilizoungua zilipangwa kama wagonjwa wanaosubiri zamu: za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Ndani kulinuka vanishi. Mumewe ndiye aliyezifungua. Alikata koili zilizoungua kwa patasi, akazing'oa, akasugua mifereji mpaka chuma kikang'aa. Kisha akampa mkewe. Kuanzia hapo mota haikuwa yake tena.

Mama Waya alisuka ameketi kwenye kigoda, mota katikati ya magoti, kama mama anayemsuka mtoto nywele. Akiwa kazini hasemi. Ukimsalimu haitikii, hata uwe mkwe. Akipotewa na hesabu ya mizunguko inabidi afumue yote, na waya uliokwisha kukunjwa hauna maana tena. Kwa hiyo mumewe ndiye aliyeitikia salamu zake.

"Mama Waya, habari za asubuhi?"

"Nzuri," mumewe anajibu. "Anakusalimu."

Mwanzoni watu walinuna. Baadaye wakazoea, wakawa wanamwuliza mzee, "Mama Waya hajambo?" na mwenyewe yuko hapo hapo, unaweza kumgusa.

Jambo moja alijivunia, wala hakulificha. Kazi yake hairudi. Mota ikitoka mikononi mwake imetoka, haionekani tena mlangoni. Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi mwingine, rafiki wa mumewe, waliyemwita Chapuchapu kwa haraka zake. Za huyo zilirudi. Alimwita Mama Waya shemeji, na utani wao haukuwa na likizo.

"Shemeji, utakufa njaa! Mota isiporudi, mteja naye harudi."

"Wateja wako wanarudi, ndiyo. Wanarudi na marungu."

Asubuhi moja akaingia binti mwenye miwani, viatu vimejaa tope. Alisema yeye ni daktari. Mume wa Mama Waya akamtafutia kiti, akakifuta. Binti akacheka, akasema si daktari wa kutibu watu. Ni daktari wa bakteria, anafanya kazi katika maabara nyuma ya hospitali.

"Mama, nataka koili."

"Ya mota gani?"

"Si ya mota. Ya wadudu."

Mumewe akaweka patasi chini. Chapuchapu, aliyekuja kuazima solda, akaketi.

Daktari akaeleza polepole. Chini ya madimbwi, kwenye tope, wako bakteria wa namna yake. Wanafyonza chuma kilichoyeyuka majini, wakakigeuza ndani ya miili yao kuwa punje za sumaku, ndogo kuliko jicho lolote linavyoweza kuona. Punje zinajipanga mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Huo mstari ndio dira yao. Unawaonyesha njia ya kushuka kwenye tope wanalolipenda, mbali na hewa nyingi.

"Mdudu ana dira mwilini," Chapuchapu akasema, "na mimi napotea sokoni."

"Wewe hata dukani kwako unapotea," Mama Waya akamwambia. "Endelea, mwanangu."

"Tunawafuga kwenye mitungi. Wakishiba chuma tunawapasua, tunavuna punje. Kila punje mdudu mwenyewe ameivika ngozi nyembamba, kwa hiyo hazigandamani ovyo. Juu ya ngozi hiyo mtu anaweza kubandika dawa. Wako wanaotafuta jinsi ya kuivuta dawa kwa sumaku mpaka penye ugonjwa. Wako wanaotaka punje zionekane kwenye mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. Sisi tunataka joto lake. Umeme unaogeuka huku na huku kwa kasi kubwa ukizizunguka, punje zinapata joto zenyewe. Zikiwa ndani ya uvimbe wa saratani, uvimbe unaungulia ndani kwa ndani, na nyama nzima ya pembeni inabaki salama. Hilo ndilo tunalolitafuta."

"Mmeshamponya nani?"

"Bado hatujamponya mtu, mama. Sisi tuko kwenye vichupa tu, na chembe za uvimbe tulizozikuza wenyewe. Njia ni ndefu. Lakini bila koili hata hivyo vichupa ni bure."

Mtambo wa umeme walikuwa nao. Koili yake ndiyo iliyoibwa maabara ilipohamishwa chumba. Shaba haikai bila mwenyewe. Nyingine ingeagizwa mbali, ingefika wakaguzi wakishaondoka. Na wakaguzi, wanaoamua chumba kiende kwa nani, walikuwa njiani. Wasipoonyeshwa joto, chumba wangepewa wengine.

"Na wadudu?" Mama Waya akauliza.

"Watamwagwa."

"Wamwagwe?"

"Wamwagwe, mama. Nimewafuga tangu nilipokuwa mwanafunzi."

Daktari akatoa simu, akaonyesha picha ya koili iliyoibwa. Ilikuwa na ukungu. Ungeona pete nene chache za rangi ya shaba zikizunguka kichupa cha kioo, na kwenye ncha mbili vitu kama vifungo. Aliyeufunga mtambo alikuwa amehama, simu yake haipatikani.

Mama Waya akaisogeza picha mbali na macho, akairudisha karibu. Akaona fungu la waya lililofungwa pamoja.

"Mwanangu, mimi nimesuka mota za pampu zinazonyanyua maji ghorofani. Hiki kipete ndicho kikutoe machozi? Nenda. Nitakuita."

Akasuka kama alivyojua. Kwake koili bila chuma ilikuwa kama kitanda bila chaga. Akachagua vibati vya chuma kutoka kwenye mota iliyokufa, akavipanga, akaacha tundu la kichupa katikati. Akazungusha waya mafungu kwa mafungu, akaupaka vanishi, akaukausha. Kilipokamilika, Chapuchapu alikizunguka kama mtu anayekagua gari jipya, asione pa kutania. Hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

Wakakipeleka maabara, yeye na mumewe. Daktari akaunganisha, akatia kichupa chenye punje nyeusi, akawasha. Mtambo ukaguna, kisha ukakubali. Kipimajoto kikaanza kupanda. Kikapanda, kikapanda. Daktari akaruka. Akamkumbatia Mama Waya, akamkumbatia na mumewe, miwani ikaanguka, ikaokotwa, wakacheka tena. Njiani kurudi Mama Waya alitembea mbele, mkoba kwapani. Akamwambia kinyozi. Akamwambia muuza mabati. Kwa Chapuchapu akasimama katikati ya barabara.

"Leo nimewapashia wadudu joto!"

Kesho yake Chapuchapu ndiye aliyeona kwanza. Daktari anakuja, na mkononi ana mfuko mzito.

"Shemeji," akaita, "kuna kitu kinarudi."

Aliita kwa utani. Alipoona uso wa daktari akarudi ndani kwake.

Daktari akauweka mfuko mezani. "Mama, jana furaha ilinizidi. Nilisahau jambo dogo. Sikujaribu maji matupu. Leo nimeyatia. Yamepanda joto vilevile."

"Maji yasiyo na punje?"

"Yasiyo na kitu, mama. Joto si la punje. Ni la koili yenyewe."

Mama Waya akaufungua mfuko, akainusa ile koili. Vanishi ilikuwa imeanza kuungua. Harufu hiyo maisha yake yote iliingia mlangoni na mota za watu. Haikuwahi kuingia na kazi yake.

"Basi nimetengeneza jiko," akasema.

"Kosa ni langu pia. Nilisema koili, nikadhani nimeeleza."

"Wakaguzi?"

"Wanakuja wiki hii hii."

Siku hiyo hakusuka. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Watu walipita wakasalimu, naye akawaitikia mmoja mmoja. Mumewe akaogopa. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akiitikia salamu nyingi kiasi hicho.

Jioni mumewe akamwambia, "Mama, si mota. Kila mtu anajua mota zako."

"Imetoka kwangu, imerudi kwangu. Mota si mota, imerudi."

"Utaiacha?"

Akamtazama kama aliyetukanwa. "Niiache? Kazi iliyorudi unaijua wewe? Kazi iliyorudi haina usingizi."

Asubuhi daktari akaja mbio. Alikuwa amempata yule aliyeufunga mtambo. Mambo mawili. La kwanza, chuma kitoke. Umeme wa mtambo ule unageuka kwa kasi mno, chuma kikubwa kikiwa karibu kinachemka chenyewe. La pili, umeme wa namna hiyo hauingii ndani ya waya. Unapita juu juu, kwenye ngozi. Ndani hauna kazi.

"Ndani hauna kazi?" Mama Waya akauliza.

"Ndani panaweza kuwa patupu. Na ndivyo palivyokuwa. Kwenye ile picha haukuwa waya, mama. Ni bomba la shaba. Maji baridi yanapita ndani yake muda wote, yanaondoa joto la koili. Vile vifungo ni midomo ya maji."

Mama Waya akaiomba tena picha. Akaitazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega, mpaka akashika meza.

"Nimesuka waya tangu sijaota mvi," akasema, "leo nasuka bomba la friji!"

Bomba likatafutwa kwa fundi wa friji. Mama Waya akachonga gongo la mti, nene kidogo kuliko kichupa, akalibana kwenye jiliwa la meza. Akaanza kulizungushia bomba. Mzunguko wa kwanza haukufika mwisho. Bomba likabonyea, likalala bapa.

"Shemeji," Chapuchapu akasema toka mlangoni, "humo maji yatapita kwa kuinama."

"Kama umekuja kucheka, cheka kwako. Huko kuna nafasi."

Hakuondoka. Akakuna kichwa. "Mimi kabla ya mota nilikunja mabomba. Nilifukuzwa."

"Kwa haraka zako."

"Kwa haraka zangu. Lakini walinifundisha. Bomba tupu halikunjwi, shemeji. Lijaze mchanga."

Mama Waya akamtazama. "Mchanga gani?"

"Mkavu, laini. Nakuletea."

Akaleta, na ule mchanga aliuchekecha mara mbili, yeye asiyechekecha kitu. Wakaujaza kwenye bomba jipya, wakawa wanaligonga kwa kijiko ili ushuke ujae, wakaziba ncha kwa vijiti. Wakalipasha bomba moto mpaka likawa jekundu, wakalimwagia maji, shaba ikalainika. Bomba lilikuwa refu kuliko duka. Ncha moja ilikuwa kwenye gongo, mikononi mwa Mama Waya. Nyingine ilitoka mlangoni ikafika ukingo wa barabara, na huko ndiko alikosimama mumewe, ameishika kwa mikono miwili. Chapuchapu akasimamisha wapita njia.

"Ruka, mama, ruka! Hapa kuna upasuaji!"

Ndani Mama Waya aliongea. Kwa mara ya kwanza alisuka huku anaongea, maana mwenzake alikuwa mbali.

"Vuta."

"Navuta."

"Usivute kama unavuta ng'ombe! Vuta kama unavuta shuka usiku na hutaki niamke."

Barabara yote ikacheka. Mumewe akavuta kama shuka. Kila alipoambiwa sogea, akasogea. Bomba likaingia ndani mbele yake kidogo kidogo, naye akalifuata, kutoka barabarani mpaka kizingitini, kutoka kizingitini mpaka mezani, mpaka akawa amesimama karibu naye, anasikia pumzi yake. Angevuta hadi leo.

"Basi," mkewe akasema. "Achia."

Pete zilikaa vizuri, duara tupu, hakuna palipobonyea. Waliuondoa mchanga kwa kutikisa na kupiga makofi. Wakapitisha maji. Yakaingia mdomo mmoja, yakatokea wa pili, bila kuinama. Mama Waya akapitisha unyasi katikati ya kila pete na pete ahakikishe hazigusani. Vanishi hakupaka. Alitaka kupaka, mkono ulishafika kwenye kopo. Akaurudisha.

Wakaguzi walikuja asubuhi. Watu wakimya, mikono nyuma, wanasoma hata maandishi ya kwenye chupa za sabuni. Mama Waya alivaa gauni lake la kutokea. Mumewe alibaki karibu na mlango, amebeba mkoba wake. Koili ilikuwa mezani, imeunganishwa, maji yanapita ndani yake yakitoa sauti ndogo kama ya mtu anayemeza.

"Safari hii maji matupu kwanza," daktari akasema, kabla hajaulizwa na mtu.

Akatia kichupa cha maji katikati ya pete. Akatumbukiza kipimajoto, uzi mwembamba wa kioo, kwa kuwa cha chuma kingepata joto chenyewe. Akawasha.

Mtambo ukavuma. Tarakimu za joto kwenye skrini zikakaa palepale. Mama Waya hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti, lakini midomo ilikuwa inacheza. Kama maji yatapanda joto, kazi imerudi mara ya pili, na mitungi yote ile ya wadudu inamwagwa. Tarakimu zikakaa. Daktari akasubiri, akasubiri, mkaguzi mmoja akaangalia saa.

"Haijasogea," daktari akasema. Akazima.

"Naruhusiwa kugusa?" Mama Waya akauliza.

"Gusa, mama, gusa."

Akatia kidole kwenye kichupa.

"Baridi!" akapiga kelele, akamgeukia mumewe. "Baba, baridi!"

Mkaguzi akashtuka, kalamu ikamtoka. Mwenzake, mama wa makamo aliyekuwa hajatabasamu tangu afike, akasema, "Samahani, si tulikuja kuona joto?"

"Ngoja, mwanangu. Baridi ndiyo ilikuwa kazi. Joto ni la wadudu, na wadudu ninawaamini."

Aliwaamini kwa mdomo. Mikono aliificha nyuma. Koili iliyokufa nayo haichemshi maji. Hilo alilijua yeye, alilijua daktari, na mumewe mlangoni alilijua.

Daktari akatia kichupa cha pili, cheusi kama chai isiyotiwa maziwa. Punje za wadudu zilielea ndani yake. Akawasha.

Tarakimu zikasogea.

Hazikukimbia kama siku ile. Zilipanda kwa adabu, moja, halafu nyingine, kama mtu mzima anayepanda ngazi akijua atafika. Daktari akazima kidogo, akaigusa koili yenyewe kwa kiganja, akaacha kiganja hapo, kila mtu aone, kisha akawasha tena. Ilikuwa baridi. Kati ya pete baridi kichupa kilikuwa kinapata joto, na hakuna kilichokipasha ila mavuno ya viumbe vya topeni. Kikafika lile joto ambalo chembe za uvimbe haziliwezi, kikalipita kidogo, daktari akapunguza umeme, kikatulia hapo hapo. Akaongeza, kikapanda. Akapunguza, kikashuka. Kilimtii.

Yule mama mkaguzi akatoa mikono nyuma, akasogea mbele. "Rudia," akasema.

Wakarudia. Kisha daktari akaleta vichupa viwili vya chembe za uvimbe, kimoja na punje, kingine bila. Vyote vikapitishwa kwenye koili kwa zamu, vikaachwa vitulie. Mchana akavitia rangi ya bluu. Chembe iliyokufa inainywa rangi hiyo, iliyo hai inaikataa. Akamwita Mama Waya kwenye hadubini kabla ya wakaguzi.

"Anza hapa. Hiki hakina punje."

Akainama. "Naona vidoti vyeupe. Vingi."

"Hai. Koili haikuvidhuru. Sasa hapa."

Akasogea kwenye cha pili. Akakaa hapo, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi.

"Bluu," akasema. "Bluu, bluu, bluu. Mwanangu, ni bluu tupu!"

Wakaguzi wakapanga foleni nyuma yake. Hakuwapisha upesi. Walipomaliza kutazama walizungumza kidogo dirishani, kisha yule mama akasema chumba hakitaguswa, na mitungi itaongezwa. Akauliza koili ilinunuliwa wapi. Daktari akamwonyesha Mama Waya kwa mkono wote, kama anayemkaribisha mgeni ndani. Mkaguzi akampa mkono. Akamwuliza ameijulia wapi kazi hiyo.

"Niliikosea kwanza," Mama Waya akamjibu. "Na mchanga ni wa jirani."

Mwishoni walibaki watu wa nyumbani tu. Daktari alitaka kuzima kila kitu akalale.

"Washa tena," Mama Waya akasema.

"Mama, tumemaliza."

"Nyinyi mmemaliza. Mimi mwenye koili bado. Tia maji."

Akatia. Mama Waya akagusa, baridi. Wakatia punje, joto. Wakarudia maji. Daktari alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaendelea kubadilisha vichupa, mpaka Mama Waya akaivuta pumzi yote iliyokuwa imemkaa tangu ile siku ya mfuko mezani, akaitoa.

"Sawa," akasema. "Ibaki huku."

Walipokaribia duka Chapuchapu alikuwa amesimama katikati ya barabara. Magari yalimpigia honi, hasogei.

"Shemeji! Imerudi?"

Mama Waya hakumjibu kwa mbali. Alimsogelea, akavuta gauni, akajaza kifua.

"Imebaki!" akaita, na kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja wake nyuma yake, kichwa kimenyolewa nusu. "Imebaki huko huko!"

Chapuchapu akachukua nyundo akagonga ganda la mota. Muuza mabati akajibu kwa kupiga bati zima. Mama Waya akainua mikono yote miwili juu, pale katikati ya honi, na mumewe akasimama pembeni ameshika mkoba, anamtazama.